Kaburi la Mzee Shoromu

Shoromu alikuwa na baba ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja, na bado alimjua kuliko watu wengi wanavyowajua baba zao wanaokula nao sahani moja. Alijua kwamba baba yake alikuwa mnene, kwa sababu mlango wa nyumba yake ulikuwa mpana ajabu, mlango wa kukunja, ukifunguliwa wote ng'ombe wanne wanaingia wamepangana na hawagusani. Alijua kwamba mzee alikuwa na mguu mbovu, kwa sababu pale mlangoni hapakuwa na ngazi, palikuwa na mteremko laini wa saruji kutoka barabarani mpaka ndani. Alijua kwamba hakuwa mtu wa kuficha mambo yake, maana ukuta wa mbele ulikuwa kioo kitupu, kutoka magotini mpaka karibu na dari. Na alijua kwamba alipenda kukaa katikati ya wageni wake, kwa sababu katikati ya sakafu ya terazo, sakafu inayong'aa hata leo ukiimwagia maji, palikuwa na duara kubwa jeusi. Kiti cha mzee kilikaa pale. Kingekaa wapi kwingine?

Nyumba yenyewe iko Kashaulili, mjini Mpanda, kwenye kona, na kona yake haikukatwa kwa pembe kama za majirani bali imezungushwa kama tumbo la mtungi. Juu ya mlango kuna kipaa cha zege kilichojitokeza bila nguzo hata moja, na wageni wa mji huwa hawakubali kusimama chini yake, hata mvua inyeshe vipi. Ukuta wa mbele umepanda kupita paa, ngazi kwa ngazi, ili bati lisionekane. Ukiitazama kutoka barabarani utaapa ni ghorofa. Ukizunguka nyuma unakuta bati lenye kutu na popo. Miaka ile ya tisini kioo kilikuwa kimekwisha zamani, tundu lake limezibwa kwa matofali ya kuchoma, ndani wafanyabiashara wanaweka magunia ya mahindi na karanga, na kwenye pembe ya mbele, pale kwenye mwanga, Shoromu anatengeneza baiskeli.

Enzi za utoto wake kulikuwa na herufi za saruji juu ya ukuta ule, kila moja kubwa kama mtoto wa kuanza shule. Aliyezipanga alitaka zijaze ukuta mzima, na katikati palikuwa na mlingoti wa bendera, kwa hiyo zilikaa hivi: SHO, halafu nafasi, W peke yake chini ya mlingoti, halafu nafasi tena, ROOM. Shoromu alisoma mpaka darasa la nne, na siku alipojua kusoma alisimama katikati ya barabara akalisoma jina la baba yake mpaka akapigiwa kengele na wenye baiskeli. Sho W. Room. Ile W ilikuwa jina la babu, hilo halikuhitaji kuuliza. Watu wakubwa wote huandika jina la kati kwa herufi moja. Alikua akitafuta W ni nani. Kuna mwaka aliamini ni Wiliamu, kuna mwaka aliamini ni Wambura. Herufi zenyewe zilianguka moja moja, ya mwisho mwaka wa vita vya Amini, lakini kwake hazikuanguka.

Mtauliza, Mpanda nzima hapakuwa na mtu anayejua Kiingereza? Walikuwapo, tena walimu. Lakini wenye Kiingereza walidhani Shoromu ni jina la Kibende au la Kisukuma, wakawa wanaona haya kuuliza maana yake. Wabende na Wasukuma nao walidhani ni jina la Kizungu au la Kiarabu, wakaona si shughuli yao. Kila mtu aliliheshimu kwa sababu hakulielewa. Mahali pale pakaitwa Kwa Shoromu: karanga zinauzwa Kwa Shoromu, mtu anasubiriwa Kwa Shoromu. Na mama yake, Nyanzala, Mkonongo asiyependa maneno mengi, kila alipoulizwa na mwanawe, "Mayu, mimi ni wa nani?" alijibu bila kuinua uso, "Wewe ni wa Shoromu." Sasa hapo mtoto ahitaji nini zaidi?

Tena kulikuwa na kaburi. Nyuma ya jengo, kwenye ua, palikuwa na mahali pamezungushiwa kingo za saruji, pembamba na parefu, katikati udongo. Watoto wenzake ndio waliomwambia, kwa dhihaka au kwa kweli hajui, kwamba Mzee Shoromu amelala pale. Lilikuwa kaburi refu kupita kiasi, karibu urefu wa watu watatu, na jambo hilo lilimpa fahari kubwa. Alilifagia. Alipooa alimpeleka mkewe, Marta, akamwonyesha baba mkwe. Monika, binti yao, alipopata kipaimara alipelekwa pale na gauni lake jeupe, na Shoromu akamwaga unga kidogo na kunong'ona mambo ya nyumbani kama ilivyo desturi. Padri hakuambiwa.

Basi Monika akapendana na Arcade, kijana wa Kirundi kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba. Baba yake Arcade, Siméon, alikuja kujitambulisha akiwa na mshenga wake aitwaye Felisiani, mtu wa hapo mjini mwenye mdomo mwingi. Siméon mwenyewe alikuwa mpole, na kofia yake ya kahawia haikutoka kichwani hata alipoketi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka aliposafisha koo.

"Muzee Shoromu," alisema, "sisi watu wanatuuliza kila siku. Mmetoka wapi, nyie ni wa nani. Afisa anauliza, polisi anauliza, hata mwenye duka anauliza kabla hajakupa chumvi. Tumeshazoea kujibu. Leo acha na sisi tuulize. Nyie ni watu wa nani?"

"Baba yangu ni Mzee Shoromu. Mwenye lile jengo."

"Lile la kona?" Felisiani alidakia. "Mtu mkubwa huyo!"

"Ni marehemu," Shoromu alisema. "Kaburi lipo."

"Mungu amupumzishe," alisema Siméon. "Na ndugu zake?"

Shoromu akajikuna shingo. "Wapo," alisema. "Wametawanyika."

Siméon alitikisa kichwa polepole, maana habari za kutawanyika alizijua vizuri. "Basi Jumamosi tutarudi kuleta posa yenyewe. Tunaomba tupokelewe na mtu wa upande wa baba. Mmoja tu. Mwanangu akija kuulizwa ameoa kwa nani, awe na la kujibu. Bila hivyo, Muzee, utanisamehe, nitaogopa."

Wiki hiyo Shoromu hakulala vizuri. Monika alikuwa anapika na kufua kama kawaida, ila alikuwa anafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Kama Jumamosi ingefika bila mtu wa upande wa baba, Siméon angevaa upole wake akaondoka nao, na Arcade angetafutiwa msichana mwingine mwenye shangazi na baba wadogo.

Siku ya treni, kabla ya saa sita, msichana mmoja alisimama mbele ya jengo. Alivaa suruali, ana begi mgongoni na futi ya utepe mkononi, na alikuwa anaangalia juu, kwenye ule ukuta wa ngazi, kwa jinsi mtu anavyomwangalia ndugu aliyepotezana naye. Shoromu aliacha tairi alilokuwa anaziba.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Immaculata, natokea Dar es Salaam. Natafuta shoromu."

"Marahaba. Umefika. Ndiyo mimi."

Msichana akacheka, akidhani ni utani wa mwenyeji. "Haya bwana! Nimekaa kwenye treni mpaka mgongo umekufa ganzi, yote kwa ajili ya shoromu tu."

Shoromu akasogea karibu. "Kwa ajili ya Shoromu? Nani kakutuma?"

"Mwalimu wangu chuoni. Anasema imesahauliwa, na ni dhambi kuisahau."

Ile "imesahauliwa" ilimkwaruza sikio kidogo. Lakini watoto wa Dar es Salaam siku hizo walikuwa wanakifanya Kiswahili wanavyotaka, na yeye mtu wa bara hakuona kama ana haki ya kumsahihisha mtu wa pwani. "Ni dhambi kweli," alisema. "Miaka yote hii. Na wengine wako wapi?"

"Zimebaki chache mno, mzee. Nyingi zimeshakufa. Tabora ipo moja."

"Tabora yupo mmoja!"

"Ipo, lakini ukiiona utalia. Imeingiliwa na mambo ya baa."

"Pombe," alisema Shoromu kwa huzuni. Mara moja alishampenda huyo ndugu wa Tabora na matatizo yake yote.

"Basi imezeeka vibaya. Mbele kote kumebomoka."

Shoromu akajishika meno yake ya mbele bila kujua. "Kwa hiyo hawezi kusafiri. Jumamosi, nasema."

Immaculata alimtazama kidogo, akaamua hakusikia vizuri. "Hii ya kwenu ndiyo nzuri kuliko zote. Unajua ni ya mwaka gani?"

"Mimi ni wa hamsini na mbili."

"Ndivyo nilivyokisia!" Msichana akapiga makofi kwa furaha. "Nilimwambia mwalimu, hamsini na mbili, baada tu ya reli!"

Mtu akishakisia mwaka uliozaliwa bila kukujua, utafanyaje? Shoromu alifanya ambalo yeyote angefanya. Aliita kwa sauti kubwa mpaka wauza karanga wakageuka, na Monika, aliyekuwa anamletea baba yake chakula, akaja anakimbia.

"Njoo umsalimie shangazi yako!"

Monika alipiga magoti palepale kwenye vumbi. Immaculata, ambaye kwa umri angeweza kuwa dada yake, alishika mkono aliopewa, akaona ni desturi nzuri ya watu wa huku, akaitikia marahaba. Wakala ugali kwa pamoja katika bakuli moja. Shoromu alikuwa anautafuta uso wa baba yake kwenye uso wa mgeni, na, Mungu amsamehe, aliuona.

Baada ya chakula Immaculata alisema, "Sasa nionyeshe kila kitu," na Shoromu alikuwa amesubiri maisha yake yote kuambiwa hivyo. Alianzia mlangoni.

"Mteremko huu ni kwa sababu ya mguu wake," alisema.

"Mguu wa nani?"

"Wa mzee."

Immaculata alikuwa amechuchumaa, anapima. "Hapana, huu ni wa magari. Yanapanda kutoka barabarani, yanaingia ndani. Ndiyo maana hata mlango unakunjwa wote."

"Mlango ni kwa sababu alikuwa mnene."

"Nani?" Alikuwa anacheka bado, akijua wenyeji wana visa vyao. Akaingia ndani, akasogeza gunia kwa mguu, akapangusa sakafu kwa kiganja. "Ee, tazama! Duara lenyewe hili! Hapa ndipo gari jipya lilikaa, taa zinaliwakia kutoka darini, na usiku mtu akipita barabarani analiona kupitia kioo. Mwalimu atafurahi. Mzee, unajua kioo kile kilikuwa kipande kimoja?"

"Gari la nani?" aliuliza Shoromu.

"La kuuzwa."

"Aliliuza nani? Mzee Shoromu?"

Immaculata aliinuka polepole, viganja vyake vyeupe kwa vumbi la mahindi. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuona kuna kitu kimekaa upande. "Mzee," alisema, "shoromu ndiyo hii. Nyumba. Ni neno la Kiingereza. Chumba cha kuonyeshea magari, watu waje wachague. Si jina la mtu."

"Jina la mtu lilikuwa juu pale. Sho W. Room. Nililisoma kwa macho yangu."

"S-H-O-W," alisema msichana kwa upole. "Ni kuonyesha. R-O-O-M, ni chumba."

"Na ile W?"

"W gani, mzee?"

Ile W. Shoromu alijikuta amekaa kwenye gunia. Kichwa chake kikawa kinachukua kitu kimoja kimoja cha baba yake na kukirudisha kikiwa kimeharibika. Unene wa baba ulikuwa upana wa lori. Mguu mbovu ulikuwa magurudumu. Ukarimu wake wote, ule wa kukaa nyuma ya kioo bila kuficha kitu, ulikuwa biashara. Hata babu Wiliamu, au Wambura, alikuwa kipande cha neno. Alijaribu kukasirika na hakujua amkasirikie nani. Msichana aliyekuwa mbele yake hakuwa na kosa.

"Lakini kaburi lipo," alisema ghafla, akasimama. "Njoo."

Wakaenda uani. Immaculata aliangalia zile kingo nyembamba za saruji, ule urefu wa watu watatu, udongo uliofagiwa vizuri, na alama nyeupe ya unga ambayo mvua haikuimaliza. Akaikunja futi yake. Ni shimo la mafundi, lile ambalo gari husimama juu yake na fundi anaingia chini kulitazama tumbo. Lilikuwa limefukiwa tu. Alijua wazi, na alitamani asingejua.

"Sema," Shoromu alimwambia.

Akasema. Shoromu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa adabu kama mafundi walikuwa wanaingia kwa ngazi, akaambiwa ndiyo, kwa ngazi ndogo upande huu. Akashukuru. Wengine wangecheka, na kwa kweli hata mimi nikiisimulia hapa mdomo unanicheza, lakini mtu aliyemwombea bintiye kwenye shimo la grisi hana la kucheka.

"Na mwenyewe alikuwa nani? Aliyeijenga?"

"Mzee mmoja wa Tabora alituambia ni Mgiriki. Aliwauzia malori watu wa mgodi wa madini ya risasi. Biashara ikamshinda baada ya miaka miwili mitatu, akafunga, akaondoka."

"Basi huyo Mgiriki ndiye baba yangu?"

"Mzee wangu," alisema Immaculata, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, "mimi nachora nyumba tu."

Jioni ile ile Shoromu alipanda baiskeli mpaka Kawajense kwa mama yake. Nyanzala alikuwa anachambua kisamvu. Shoromu aliamkia, akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Mayu, Shoromu ni nini?"

"Ni nyumba," alijibu mama.

"Ulijua?"

"Mimi nilikuwa nafuta vioo vyake kwa gazeti na mafuta ya taa. Nisijue?"

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza Shoromu ni nini. Uliniuliza wewe ni wa nani." Akatupa vijiti upande. "Siku uliyozaliwa ndiyo walikuwa wanafungua. Nimeambiwa nisugue sakafu, gari linakuja. Tumbo likanishika palepale. Wanawake wa uani wakaja na vitenge, wakanizunguka kwenye lile duara. Mgiriki akafika na gari lake jipya, jekundu, watu wamejaa barabarani, wanataka kuona gari linapanda. Halipandi. Anapiga honi, wanawake wanamfokea. Akashuka, akaingia, akanikuta chini. Akashika kichwa hivi, analilia nyumba yake, 'Mai shoromu! Mai shoromu!' Mkunga akasema, haya, Mzungu ameshampa mtoto jina. Gari likakaa nje mpaka ukamaliza kuzaliwa."

Shoromu hakujua acheke au aje juu. "Na kule uani, ulikuwa unaniona nafagia. Miaka yote hiyo. Nikamleta na Monika. Ulifikiri nafanya nini?"

"Nilifikiri unapenda usafi."

"Baba yangu ni Mgiriki?"

"Huna macho? Jiangalie hiyo ngozi."

"Basi ni nani?"

Nyanzala aliinama kwenye kisamvu chake. Shoromu alingoja. Kuku wakaingia na kutoka. "Wewe ni wa Shoromu," alisema mwishowe, kwa sauti ile ile ya zamani, na ungeweza kumpiga kwa nyundo asiongeze neno. Shoromu akaondoka na baiskeli mkononi bila kuipanda, hata kengele za wengine hakuzisikia.

Ijumaa asubuhi alichukua fagio akaenda uani kama kawaida yake. Alifagia nusu, akakumbuka, akasimama. Kuacha nusu chafu kulikuwa kubaya, kumaliza nako ni ujinga. Alisimama pale na fagio lake mpaka mteja akaja kumwita kwa habari za mnyororo, akaenda, na hata alipokuwa anafunga mnyororo hakuwa na hakika kama alikuwa na msiba au hana. Mtu akifa unalia. Mtu ambaye hakuwapo unamlilia vipi?

Felisiani ndiye aliyeleta dawa. Mshenga anataka ndoa ifungwe, mengine hayamhusu sana, na alishasikia kila kitu sokoni. "Si yupo yule dada wa Dar?" alimnong'oneza Shoromu. "Treni yake bado. Mvike kitenge, mkalishe upande wa baba, atikise kichwa tu. Nani atajua? Mjini kwetu hapa tumeshamzoea, tunamwita shangazi."

Shoromu alitaka kukataa, lakini alipofika nyumbani kwake mtaa wa Ilembo alimkuta Monika anapiga pasi kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka tayari, akashindwa. Immaculata naye, kwa kuwa alijiona ndiye aliyemuua baba wa mtu, alikubali haraka mno.

Jumamosi wakaja. Siméon na kofia yake, Arcade akiwa amenyoa mpaka kichwa kinang'aa, wazee wawili wa Katumba, na Felisiani mbele akifungua njia kwa maneno. Viti vilikuwa vimepangwa sebuleni, na kimoja, chenye mto, kilikuwa cha upande wa baba. Immaculata aliketi pale ndani ya kitenge cha Marta kilichomzidi, mikono magotini, anatazama chini kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Marta na Nyanzala walikuwa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Monika alikuwa nyuma ya pazia, na Shoromu aliona vidole vya miguu yake chini ya upindo.

Salamu zilipita, soda zikafunguliwa. Siméon akasafisha koo.

"Tulisema tutauliza, sasa tunauliza. Tumekuja kwa nani?" Akamgeukia Immaculata kwa heshima. "Na huyu mama wetu ni nani?"

Immaculata alimtazama Shoromu. Felisiani alimtazama Shoromu. Shoromu alifungua mdomo, na ndani yake akakuta vitu vingi vimebanana kwa mara moja: Wiliamu, Mgiriki, gari jekundu, shangazi, shimo. Hakuna kilichokuwa na kichwa wala miguu. Aliona vile vidole chini ya pazia vimekunjana. "Huyu," alisema, "huyu ni," akakwama hapo, na mmoja wa wazee wa Katumba akaiweka soda yake chini.

Nyanzala akaanza kuinuka. Kuinuka kwake siku hizo kulikuwa kazi, goti kwanza, mkono ukutani, halafu mgongo, na watu wote walisubiri bila kujua wanasubiri nini. Akavuka sebule mpaka kwenye kile kiti chenye mto.

"Toka, mwanangu," alimwambia Immaculata bila ukali. "Ulifanya vizuri. Toka."

Immaculata aliruka kama kiti kimepata moto, kitenge kikamteleza, akaenda kukaa mkekani pembeni ya Marta. Nyanzala akaketi, akavuta nguo yake magotini, akamwangalia Siméon.

"Uliza tena."

"Mama," alisema Siméon, amechanganyikiwa kabisa, "utanisamehe. Mama mzazi tunakuheshimu. Lakini tuliomba upande wa baba."

"Ndiyo huu nilioukalia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeeleza bei ya dagaa. "Nilipokuwa na mimba ya huyu, watu waliniweka kati kama mlivyokaa hapa. Wakamwita mwanamume, wakamuuliza. Akasema si yake. Hakusema kwa kunong'ona, alisimama akasema. Wakanigeukia mimi: basi ni ya nani? Nikasema ni yangu. Wakacheka sana. Nikamwachia mtoto jina la nyumba, maana watu nilishawaona, na nyumba haiwezi kusimama ikasema mtoto si wangu. Mwanamume yule akapanda treni. Jina lake ninalo, nitakufa nalo, huyu halihitaji. Sasa wewe umetoka mbali, umekuja kwa adabu. Uliza."

Shoromu alimtazama mama yake kwenye kile kiti na ilikuwa kama hajawahi kumwona.

Siméon alimgeukia Felisiani. Felisiani alikuwa anasoma kizibo cha soda yake. Akawageukia wazee wake. Mmoja alikuwa anaangalia dari, mwingine anamwangalia Nyanzala na hataki kuacha. Nyuma ya pazia mtu alivuta kamasi.

"Tumekuja kwa nani?" aliuliza Siméon taratibu.

"Kwangu," alisema Nyanzala.

Siméon alivua ile kofia, akaiweka gotini, akaanza salamu upya.